Mwenye Heshima wa Ukutani

Muuguzi alikuwa amefumba macho kwenye basi, ila masikio yalikuwa zamu. Nyuma yake mawifi wawili walikuwa wakiteta.

"Wifi, ile picha ya kale ukutani kwa mama, nimeikuta ile ya asili makumbusho. Chini wameandika: 'Malaya akingoja mteja.'"

"Yule aliyejitanda, kainamisha macho? Ambaye mama kila siku ananiambia nimuige, ati ndiye mwanamke mwenye heshima zake?"

"Huyohuyo. Leo namwambia aitoe, tusije tukaumbuka mbele ya wageni."

"Humwambii."

"Namwambia. Ni mama yangu."

Muuguzi akajiuma mdomo. Basi likasimama, wakainuka huku bado wanavutana.

"Nipe wiki moja tu, wifi," alibembeleza mkwe mtu. "Akiniambia tena nimuige, nimwitikie, 'Sawa, mama.'"