Niliacha Kuuzia Tairi Chai

Bwana asifiwe, wapendwa! Na asifiwe kwa sauti, wasikie hata wale waliosema sitapata kazi ya ofisi! Mimi ni Nekesa wa Funyula, yule mliyezoea kumwona akiuzia madereva chai kwenye foleni ya malori hapa Malaba. Leo nimesimama mbele yenu nikiwa karani wa mapokezi. Shetani aone haya!

Ndugu zangu, nililelewa kwa adabu. Kwetu msichana akisalimia mkubwa anapiga magoti na macho anayaweka chini. Adabu hiyo siidharau, mama yangu namsalimia hivyo hadi leo. Lakini ilinifuata mpaka kwenye intavyu! Mara ya kwanza, pale Busia mjini, niliona wazee wamekaa nyuma ya meza, magoti yakaenda chini yenyewe. Walicheka. Mara ya pili sikupiga magoti, lakini kila swali nililijibu nikitazama sakafu, sauti haitoki. Wakasema sijiamini. Niliumia, jamani, kwa sababu mimi nilikuwa nawaheshimu.

Baba mdogo, aliyenisomesha, akachoka. "Nekesa, ofisi si za watu kama wewe. Ukikosa na hii ya tatu, rudi Funyula ukalime mihogo." Nikafunga, nikaomba, nikamwambia Mungu: jembe silidharau, lakini kwa woga sirudi!

Mungu hakuniletea malaika. Aliniletea dereva wa trela kutoka Uganda. Nilikuwa nimemwinulia kikombe, namuuliza kama anataka sukari, macho yangu chini kama kawaida. Akachungulia dirishani. "Wee nyabo, kwani unauzia tairi chai? Mimi niko huku juu!"

Nilicheka mpaka nikalia, nikamweleza shida yangu. Akasema, "Basi leo mimi ndio bosi. Niangalie. Kwa nini tukupe kazi?" Nikajaribu, nikashindwa, nikajaribu tena. Foleni ilikuwa haisongi, kwa hiyo habari ikaenda lori hadi lori. Ikawa kila nikipeleka chai naulizwa swali la intavyu, na hakuna anayenunua mpaka nimtazame usoni! Mmoja alinifokea makusudi, "Kwani wewe unajua nini?" Nikamjibu! Usiku napiga magoti kwa Mungu, mchana nainua macho kwa madereva. Hivyo ndivyo nilivyojiandaa.

Siku ikafika, kampuni ya mizigo hapa Malaba. Aliyeongoza maswali alikuwa mzee wa mvi, rika la marehemu baba yangu. Magoti yakataka kwenda chini tena, nikayakataza. Akauliza, "Dereva amechoka na foleni, anaingia hapa na matusi. Utafanya nini?"

Nikamtazama machoni. "Mzee, nitamsalimia, nimpe kiti, halafu nimwambie ukweli mzigo wake umefikia wapi, hata kama ukweli hautamfurahisha." Sauti ilitoka, wapendwa! Ilijaa chumba kizima! Wakanichukua.

Baba mdogo ameketi pale nyuma. Baba, nakuheshimu na nakushukuru kwa shule, lakini ulikosea!

Na wewe unayeogopa mlango wa ofisi, mwamini Mungu huyu. Najua tumezoea kuitana hapa mbele tupige magoti. Leo usipige. Simama hapo ulipo, inua macho, utaje jina lako kanisa lote lisikie. Haya, nani anaanza?