Bi Gramu na Jiwe la Kilo Ishirini

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Gramu ataweka penseli yake mezani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya kuwapigia marubani wetu hesabu: ndege ibebe kiasi gani, itakula mafuta kiasi gani, na mzigo ukae wapi ili mkia usiwe mzito kuliko pua.

Kamati ya kijarida chetu imeniomba niandike mimi, mkuu wa wapakiaji, mnayeniita Winchi, na imechagua vizuri. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini nimepakia ndege katika viwanja saba, nimekunywa chai na marubani wa kila aina, na hapa hakuna aliyebeba masanduku mengi kuliko mimi. Tena katika uwanja huu mzima, mtu aliyemtesa Bi Gramu zaidi ni mimi.

Alianza kazi katika kile chumba kilicho nyuma ya stoo, chenye feni ya mapanga mawili, la tatu likiwa limeng'oka kabla hajafika. Alikuwa na rula, majedwali ya kiwandani na kifutio. Kompyuta ilipoletwa aliipokea kwa heshima, kama mgeni, lakini hakuacha penseli. Kila safari aliipiga mara mbili, kwa mashine na kwa mkono, na majibu yakitofautiana rubani alisubiri. Alisema kompyuta ni kama mtoto mlafi, hula chochote unachompa. Wapiga hesabu kumi na mmoja wamepita mikononi mwake, na wote wana tabia hiyo mbaya ya kurudia.

Jina la Bi Gramu tulimpa sisi wapakiaji, kwa hasira. Kwenye ndege zetu ndogo kila abiria hupanda mizani na mkoba wake mkononi. Siku moja mkurugenzi mmoja, ambaye sasa amestaafu, alitaja kilo themanini huku akipita. Bi Gramu alimwomba arudi, kwa adabu zote. Mizani ikasoma tisini na saba, na yeye akaandika tisini na saba. Tulicheka wiki nzima, mimi nikiongoza. Mwaka mmoja baadaye zamu ya kutocheka ikawa yangu.

Niwaeleze kwanza ndugu zangu wa ghorofani, mnaodhani ndege huruka kwa sababu tiketi zimeuzwa. Jua likiwaka, hewa huwa nyepesi na bawa hukosa cha kushika. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iinuke. Njia yetu hairefuki, na mwisho wake kuna kilima ambacho hakijawahi kumpisha mtu.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kupima chochote, mpakiaji huweka juu ya mizani jiwe la chuma la kilo ishirini. Mizani ikisema ishirini, kazi ianze. Siku ile, miaka kumi na mitano iliyopita, sikuliweka. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimeigonga mizani na toroli na sikumwambia mtu. Asubuhi mawazo yangu yote yalikuwa kwa bi mkubwa, mama yangu mzazi, aliyekuwa anasafirishwa kwa ndege ya saa sita kwenda kupasuliwa tumbo hospitali kubwa. Bi Gramu aliuliza dirishani, "Winchi, jiwe umeweka?" Nikamjibu, "Tangu alfajiri, dada yangu!" Nilisema uongo, tena kwa sauti ya kuimba.

Mchana mama alikuwa kitini, ameegemea dirisha. Gari la mafuta lilikuwa bado linamimina. Nikamwona Bi Gramu anavuka uwanja juani, amelikumbatia lile jiwe kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa ameona kwenye karatasi yangu maboksi kumi ya vigae. Kiwanda cha vigae huandika kilo ishirini na tano kila boksi. Mimi nimeandika mia mbili ishirini na tano kwa yote kumi. Alisema tu kwamba vigae havikondi. Akaweka jiwe juu ya mizani. Ikasoma kumi na nane.

Maana yake kila kilo kumi tulikuwa tumezihesabu tisa. Abiria na mizigo, karatasi ilisema kilo elfu moja na mia nane, na ukweli ulikuwa elfu mbili. Ndege ilikuwa na kilo mia mbili zisizojulikana, jua la utosi, kilima mbele, na mama yangu ndani.

Vigae vilikuwa chini kabisa, chini ya mizigo yote, na kuvitoa kungemchelewesha mama. Nikamsihi amwambie mtu wa mafuta aishie hapo, tupunguze kilo mia mbili za akiba ambazo kwa kawaida hurudi bila kuguswa. Akakataa. Akasema akiba si ya siku za kawaida. Nilimwambia anamuua mama yangu kwa penseli. Nikaongeza na mengine ambayo hayaandikiki kwenye kijarida chenye picha ya mkurugenzi. Alisimama pale juani dakika hamsini mpaka maboksi manane yakatoka, akapiga hesabu upya mara mbili, akatia sahihi.

Ndege iliinuka. Ilipofika huko ilikuta mvua imefunga uwanja. Rubani alizunguka, akazunguka tena, kisha akakimbilia uwanja mwingine, akatua salama. Aliponionyesha baadaye mafuta aliyotumia, zile kilo mia mbili nilizotaka zipunguzwe zilikuwa zimeungua zote angani, chini ya kiti cha mama yangu. Mama alipasuliwa siku iliyofuata. Aliishi miaka tisa zaidi, akaona wajukuu wanne.

Bi Gramu aliandika taarifa bila kunificha: toroli, jiwe, uongo. Lakini kabla ya kosa langu aliandika lake, kwamba alikubali neno badala ya kwenda kuona kwa macho. Nilisimamishwa kazi mwezi mmoja. Mwezi huo alikuja nyumbani mara tatu kumjulia hali mama, wala hakutaja mizani. Asubuhi niliyorudi nilimkuta mlangoni. Alinikabidhi jiwe, akasema, "Weka, mdogo wangu." Nikaweka. Tangu siku hiyo naliweka mimi, naye anakuja kutazama, hata jana alikuja. Sijawahi kukasirika.

Dada yetu, kwa niaba ya wapakiaji, marubani na wote waliofika salama bila kujua jina lako, asante. Pumzika, ulale mpaka jua likuchome, na Mungu akupe miaka mingi isiyohitaji kupigwa hesabu mara mbili.

Tarehe mosi mwezi ujao utasafiri kwenda kwa binti yako, kwa ndege ya saa sita. Utapanda mizani kama abiria wengine, na mkoba wako mkononi. Njoo mapema kidogo, dada. Jiwe litakuwa juu ya mizani, nami sitalitoa mpaka uje ulione.