Dakika Tatu za Levis Angwenyi

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote mlipo, kuanzia kwenye mashimo ya dhahabu ya Macalder mpaka Rusinga kule majini. Ni mimi Gisiri. Saa kama hizi mmezoea nikiwatania. Leo sina utani. Leo tunamkumbuka Levis Angwenyi, kiungo wa Kuja Rovers, aliyefariki uwanjani hapa Migori wiki tano zilizopita. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa kwetu kwa mkopo.

Tangu Jumatatu simu ya studio haipumui. Timu imetangaza kiungo mwingine, naye ni wa mkopo, na nyinyi mmeshaanza. Mama mmoja wa soko la samaki ameandika, "Huyu naye amekuja na tarehe ya kurudi?" Mwingine ameandika, "Tumechoka kulea watoto wa watu." Zimefika nyingi. Hizo mbili zinatosha, zingine sitazisoma hewani, na mkinivumilia kidogo mtaelewa kwa nini.

Mama yake Levis anaitwa Bathsheba. Anauza ndizi sokoni Kosele. Ameniuliza swali moja. Aliniuliza siku ya mazishi, akaniuliza tena baada ya wiki moja. Anataka kujua mwanawe alifanya nini katika dakika tatu za mwisho, pale alipoketi chini uwanjani, kabla watu hawajamkimbilia. Anasema mimi lazima najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natangaza mechi ile. Nimemzungusha mama wa watu mara mbili. Leo nitamjibu. Lakini wacha nianzie mbali kidogo, ndipo mumjue kijana mwenyewe alikuwa nani.

Levis alizaliwa Kosele. Baba yake, marehemu mzee Onchiri, alitoka Kisii akiwa na mikungu ya ndizi juu ya lori, akauza, akapapenda, akanunua kipande cha shamba. Ni familia ya Wasabato. Nyumba ile, Jumamosi mpira haupigwi, hata wa makaratasi. Dadake Dolphine alinisimulia akicheka na machozi yakimtoka kwa pamoja. Alisema, "Levis alikuwa anakaa kanisani mguu ukicheza chini ya benchi. Mama anamfinya, mguu unatulia. Dakika mbili, unaanza tena. Jua likizama tu, humpati."

Mguu ule ulimpeleka Nairobi, kwenye timu kubwa. Sitaitaja. Akakaa benchi misimu miwili. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba alikalia benchi mpaka suruali ikatoboka. Ndipo Januari wakamleta kwetu kwa mkopo wa miezi sita. Kwao ilikuwa ni kumpa mtoto mazoezi. Kwake yeye ilikuwa ni kurudi nyumbani, maana kutoka Migori hadi Kosele ni mwendo wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Je, tulifurahi? Hebu tusidanganyane, wasikilizaji wapendwa. Jumbe zenu ninazo. "Wametuletea mtumba." "Sukari ya kuomba kwa jirani haikolezi chai." Na mmoja, huyu alisema ukweli wa wengi: "Tukimpenda, Juni watamchukua, sisi tubaki tukilia." Basi tukaamua tusimpende. Ndiyo hesabu tuliyopiga, mashabiki wa Kuja Rovers na mimi mtangazaji wenu.

Mnajua desturi yetu. Mchezaji mpya akifika, mashabiki wanamkabidhi jogoo mzima uwanjani. Mwenyekiti wa mashabiki, Obare, fundi wa pikipiki, ndiye hukabidhi. Levis alipofika kukawa na ubishi. Mtu wa mkopo apewe jogoo? Obare akakata shauri. Akasimama mbele ya watu wote na jogoo mwekundu mkononi, akasema, "Omera, ndugu yangu, wewe ni wa mkopo, na huyu jogoo pia ni wa mkopo. Juni ukienda, unamrudisha!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Nilikisimulia kisa kile hewani siku tatu mfululizo.

Levis alimpokea jogoo yule kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa. Akauliza, "Na akipata vifaranga, watakuwa wa nani?" Watu wakacheka zaidi, safari hii wakiwa upande wake kidogo. Kama tungekomea pale, labda leo ningekuwa nazungumza habari nyingine.

Mwezi wa pili ile timu ya Nairobi ilikuja kucheza nasi. Levis hakucheza. Alikaa jukwaani na shati lake la mikono mirefu, mikono mapajani. Mlikasirika sana. Mkaandika, "Ameona wenyewe, ameogopa." Sasa nisikilizeni vizuri. Mchezaji wa mkopo haruhusiwi kucheza dhidi ya timu iliyomtoa. Mkataba wake ulisema hivyo. Levis hakukataa kucheza. Alikatazwa. Narudia, alikatazwa. Na mimi nilijua. Kocha aliniambia Alhamisi, siku tatu kabla ya mechi. Sikuwaambia, kwa sababu ugomvi ndio chakula cha redio, na siku hiyo jumbe zenu zilikuwa zinamiminika kuliko siku nyingine yoyote. Nilizisoma moja baada ya nyingine, nikiongeza chumvi.

Kuanzia siku ile mlipata neno lenu. "Anajitunza." Levis akianguka, "Anajitunza!" Akishika kiuno, "Anajitunza!" Yaani analinda miguu asije akawarudishia wenyewe ikiwa imevunjika. Kijana alikuwa anakaba kama mtu anayefukuza mwizi wa ng'ombe, na bado mkasema anajitunza. Dolphine alimshauri arudi Nairobi. Akamjibu, "Dada, hawa ni watu wa nyumbani. Watu wa nyumbani hawakuchukii, wanakukasirikia tu."

Nimefika kwenye Jumapili yenyewe. Mniwie radhi nikienda polepole.

Jumapili kwa Mama Bathsheba ni siku ya kazi. Kila Levis alipokuwa anacheza, mama aliweka redio juu ya mikungu ya ndizi akaendelea kuuza. Wateja wake walijua kwamba Levis akiwa na mpira, hakuna kupunguziwa bei mpaka auachie. Hakuwahi kuja uwanjani. Alikuwa akimwangalia mwanawe kupitia kwangu.

Dakika ya sabini na moja tukapata kona. Ikaokolewa, ikawa kona tena. Ikaokolewa, ikawa kona ya tatu. Mnakumbuka kelele zile. Uwanja mzima, macho yalikuwa upande wa goli la mtoni. Levis alibaki nyuma, kwenye mstari wa kati, kazi yake ikiwa kuzuia watu wasitoke. Kona ya kwanza ikipigwa, akaketi chini. Wachache wenu mkamwona mkapiga kelele, "Anajitunza!" Nikainua kichwa. Maneno niliyosema yako kwenye kanda, nayasema tena leo kama yalivyo: "Angwenyi ameketi chini pale kati. Anajitunza, wasikilizaji, msiwe na wasiwasi, wenyewe wasije wakadai miguu yao."

Kisha nikainamisha kichwa kwenye simu, nikaanza kuwasomea jumbe zenu.

Kosele, Mama Bathsheba alisikia. Alinieleza yeye mwenyewe, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Uliposema tusiwe na wasiwasi, mimi niliacha wasiwasi. Nilikuwa nakatia mtu chana ya ndizi, nikaendelea kukata. Hata nilicheka kidogo, Gisiri. Ile maneno ya miguu ilinichekesha."

Zilipita dakika tatu. Refa alipogeuka, Levis alikuwa amelala. Mlinda goli wetu ndiye aliyetangulia kufika. Ilikuwa ni moyo. Daktari alisema moyo wake ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo ambayo hakuna aliyeijua. Nikamuuliza kama mtu angemfikia mapema angepona. Akasema, "Pengine." Neno hilo moja limekuwa likinifuata kila ninapokwenda. Ninakula nalo. Ninaingia nalo hapa studio.

Tulimzika Kosele, nyuma ya nyumba ya mzee Onchiri. Mashabiki mlikuja kwa malori, mkaimba, mkalia. Mlilia kweli, sitasema mliigiza. Baada ya wiki moja Mama Bathsheba akaja Migori peke yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye gereji ya Obare. Mimi nilikuwa pale nikitengenezewa pikipiki. Kwapani alikuwa na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa uzi wa sisali.

"Wewe ndio Obare?"

"Ndio, mama. Karibu, keti."

"Siketi. Juni haijafika, lakini mwenye angemrudisha hayuko. Chukua kuku yenu."

Obare alirudi nyuma hatua nzima. "Mama, hiyo ilikuwa mchezo tu. Wallahi tulikuwa tunacheza na yeye."

"Yeye hakusema ni mchezo. Aliniambia, mama, kuku ya watu hailiwi. Alikuwa anaipea mahindi kila asubuhi. Sasa hiyo deni nimelipa kwa niaba yake. Asilale na deni."

Obare ana mwili wa kubeba injini peke yake. Aliketi juu ya tairi akajifunika uso kwa mikono iliyojaa oili, akalia kama mtoto. Mama akamfungua jogoo miguu, akamwachilia pale chini. Mpaka leo yuko kwenye ile gereji. Hakuna aliyethubutu kumchinja wala kumuuza. Akiwika mchana, Obare anatoka nje kidogo kana kwamba ameitwa.

Ndipo mama akanigeukia mimi. Alinitambua kwa sauti, nilikuwa nimesema "shikamoo" tu. Akasema, "Gisiri, nilikuuliza hukunijibu. Zile dakika tatu. Mtoto wangu aliita mtu? Aliinua mkono? Ama alilala tu pole pole kama mtu amechoka? Mimi sikuwa na macho pale, wewe ndio ulikuwa macho yangu."

Nikamwambia, "Mama, nitasikiliza kanda, halafu nitakuambia." Huo ulikuwa uongo. Hapana, haukuwa uongo wote, kanda niliisikiliza. Ila nilijua tayari nitakachokikuta.

Nimeisikiliza mara kumi na moja, saa za chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wametoka. Zinasikika ngoma. Inasikika filimbi ya kona ya pili, na ya tatu. Juu ya hayo yote inasikika sauti yangu. Nasoma salamu. Nawataja watu wa Rongo, nawataja watu wa Mbita. Kuna msikilizaji mmoja ameuliza, "Huyu Angwenyi anarudi kwao lini?" Nami namjibu nikicheka, "Karibuni tu, ndugu yangu, karibuni tu." Nimepiga hesabu kwa saa ya kanda. Nilipokuwa nasema hivyo, Levis alikuwa ameketi kwenye nyasi kwa dakika moja na nusu.

Mama Bathsheba, najua redio yako iko wazi, Dolphine ameniambia mko pamoja. Jibu langu ni hili. Sikuona. Sijui kama aliita. Sijui kama aliinua mkono. Nilimtazama mara moja, nikasema maneno ya mzaha, nikaacha kumtazama. Uliniazima mimi macho, nami nikayatumia kusoma simu. Naona aibu, mama. Sikuombi unisamehe hewani mbele za watu, maana hapo nitakuwa nakulazimisha.

Kwa familia yote ya marehemu mzee Onchiri, kwa Dolphine, kwa kanisa lenu pale Kosele, poleni sana. Mungu awatie nguvu, ampe Levis pumziko. Na kwako kijana unayekuja Jumapili hii kwa mkopo, karibu nyumbani. Obare amesema jogoo wako ni wako, na hakuna atakayemdai.

Na sasa nyinyi, wasikilizaji wapendwa. Siku ile tulikuwa watu elfu mbili na zaidi uwanjani. Tafakarini kila mmoja alikuwa anatazama wapi. Kama ulimwona Levis, kama uliona hata mkono wake tu, usinipigie mimi. Nenda Kosele, siku yoyote isipokuwa Jumamosi, uliza mama wa ndizi, umwambie ulichokiona. Na kama ulikuwepo, ukawa unatazama kona kama sisi wengine, nenda pia. Mwambie hukuona. Tukienda sote, mmoja mmoja, na wote tukasema hivyo, basi atajua kwamba hakuna shahidi wa kumngoja, na ataacha kuuliza.