Boti Mbili za Chaki Mbele ya Kinyozi

Mbele ya kibanda cha kinyozi kuna benchi lenye miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, na hapo ndipo wanaume wale hukaa kutwa, kahawa mkononi, wakiusema ulimwengu mpaka ulimwengu unachoka. Siku hiyo benchi lilikuwa tupu. Wenyewe walikuwa wamekaa chini, kwenye sakafu ya saruji, ndani ya boti. Boti yenyewe ya chaki. Aliyeichora ni Cherehani, mshonaji wa pale jirani, kwa chaki yake ya kukatia nguo na ile futi anayoivaa shingoni kama mkufu. Alichora mbili, ndogo ya watu watano na kubwa ya watu tisa, kwa vipimo alivyovileta Plagi kutoka kazini. Huyu Plagi ni fundi wa injini za boti. Miaka nenda rudi amewatengenezea wenye nazo boti zao za matembezi, wao wakaingia ziwani na watoto wao wakicheka, yeye akabaki ukingoni na grisi mpaka kwenye viwiko. Sasa anastaafu, na tajiri wake amemwambia achague moja kati ya boti mbili kuukuu zilizolala uani, iwe ndiyo kwaheri yake. Jibu linatakiwa leo kabla ya geti kufungwa. Na hiyo boti haitaki kwa biashara. Mkewe anaumwa, na hospitali wameshasema wamrudishe tu nyumbani akapumzike. Ameomba kitu kimoja: siku moja atembezwe majini, yeye na wanawe wote, kama wale matajiri.

— Chukua kubwa, alisema Breki, aliyeendesha mabasi mpaka macho yakamgomea. Abiria hawaachwi stendi.

— Kubwa inakunywa mafuta kuliko wewe unavyokunywa hiyo kahawa, alijibu kinyozi. Huyu wanamwita Waziri, kwa sababu ana jibu la kila jambo, hata lile asiloulizwa. Akaendelea: Chukua ndogo. Inageuka upesi, inapita kila kichochoro.

— Ziwani kuna vichochoro?

— Wewe ziwani umefika lini?

— Nimepita kando.

— Na basi?

— Na basi.

— Basi nyamaza.

Plagi alicheka. Alikuwa amekaa nyuma kabisa ya ile boti kubwa, mkono umeshika usukani usiokuwepo, na kicheko kilimtoka kifuani kama kitu kilichokwama siku nyingi. Kwake hakuna anayecheka. Kwake watu wanatembea kwa vidole, na sufuria ikianguka jikoni wote wanasimama kusikiliza chumba cha mbele. Tangu kitanda cha mkewe kihamishiwe chumba hicho, apate hewa ya dirishani, Plagi amekuwa wa kwanza kufika kijiweni na wa mwisho kuondoka. Akirudi anamkuta shemeji yake mlangoni, anaambiwa dada amepitiwa na usingizi, naye anasema usimwamshe, na moyoni, Mungu amsamehe, anashukuru.

— Tupange watu, alisema. Mimi hapa kwenye injini. Wanangu wanne wale pale katikati. Wakwe zangu wawili. Mjukuu, huyo wa kupakatwa, lakini mpeni nafasi yake, atakua.

— Na mama yao?

— Mbele. Benchi la mbele, apigwe na upepo.

— Mbele hakuna mtu, Plagi. Tumtie nani?

— Cherehani. Ndiye mwembamba.

— Mimi niwe mke wa mtu! Cherehani aliruka. Nikirudi nyumbani nitasema nini?

— Sema umeolewa vizuri, mumeo ana boti.

Wakaangua kicheko. Cherehani naye hakuwa mtu wa kubembelezwa sana. Alichukua kipande cha kitambaa alichokuwa akikishona, akajitanda kichwani, akaingia mbele akakaa mgongo wima, mguu juu ya mguu, akabana sauti:

— Mume wangu, polepole! Utanilowanisha nywele!

— Haya, mama amekaa, alisema Breki. Tisa. Boti imejaa. Kubwa hiyo hiyo.

Muuza kahawa alikuwa amesimama na birika lake nje ya mstari, akiinama kuwamiminia bila kuikanyaga chaki.

— Wewe mbona huingii?

— Mimi sijui kuogelea, alisema, na hakucheka.

Waziri hakuwa tayari kushindwa na dereva wa basi.

— Sikiliza, Plagi. Ile kubwa injini yake unaijua mwenyewe, imekohoa mwaka mzima. Ikizima katikati ya ziwa na mgonjwa ndani? Chukua ndogo, uwapeleke kwa zamu. Mama yuko ndani muda wote, watoto wanabadilishana.

— Amesema wote.

— Si wote watapanda?

— Amesema wote, Waziri. Pamoja. Anataka akigeuka awaone.

Breki akadakia.

— Zichukue zote mbili. Mwambie tajiri hujaamua. Ile ndogo unaifunga kamba nyuma ya kubwa, kama tela.

— Tela halina breki.

— Breki si ndiye mimi?

— Wewe! Si uliliingiza basi kwenye duka la magodoro!

— Na kuna aliyeumia? Tulitua vizuri!

— Toa injini ya kubwa, alisema Waziri, sasa amesimama, wembe mkononi kama anahutubia taifa. Iweke kwenye ndogo. Ndogo itaruka. Ikiruka, watu wanashikana wenyewe, na watu walioshikana hawahitaji nafasi. Hata kumi na wawili wanaingia.

— Na mama mgonjwa arushwe?

— Ndiyo dawa yake hiyo! Waziri alishusha sauti, akachuchumaa karibu na Plagi. Nikuambie kitu ambacho daktari hakuambii. Ugonjwa ni kitu cha nchi kavu. Haujui maji. Kulikuwa na mteja wangu, mamaake alikuwa hali kitu, amebaki macho tu. Wakamtia kwenye boti, wakaenda mbali mpaka ufukwe ukapotea. Ugonjwa ukachanganyikiwa, ukashindwa njia ya kurudia. Yule mama alishuka mwenyewe. Akaomba chakula.

Siku nyingine wangemzomea. Safari hii hata Breki alitazama kikombe chake. Plagi alijua ni uongo, maana Waziri hajawahi kuwa na mteja asiyekuwa na muujiza. Lakini neno lile, alishuka mwenyewe, lilimwingia akaliacha likae.

— Hata mimi niliwahi kusikia, alisema, na hakuwahi kusikia popote.

— Umeona! Basi twende mbali. Chukua kubwa, ibebe mafuta ya kutosha.

— Si ulisema ndogo?

— Hiyo ilikuwa kabla ya kufikiri.

Ndipo akatokea shemeji yake Plagi, mdogo wa mkewe, ambaye hakanyagi kijiweni. Mikono ya gauni ilikuwa imelowa mpaka begani, na povu la sabuni limemkaukia kwenye kiwiko. Mashuka siku hizi anafua asubuhi na mchana.

— Shemeji, karibu! alisema Breki kwa sauti ya kupokea abiria. Umekuja wakati mzuri.

— Hii ni nini mmechora?

— Boti, shemeji, alisema Plagi. Tunapanga nafasi. Nimeona nichukue kubwa, wote wanaingia. Mimi hapa, watoto hapo, na dada yako yuko mbele. Huyo Cherehani ndiye yeye.

Mwanamke akamtazama Cherehani. Akautazama ule mgongo wima, mguu juu ya mguu, kitambaa kichwani. Alimtazama kwa muda. Cherehani akakivuta kitambaa taratibu, akakikunja mapajani.

— Shemeji, alisema yule mwanamke, na wala hakupandisha sauti. Mara ya mwisho kumwona dada amekaa ni lini?

Plagi alifungua mdomo.

— Juzi, alisema. Juzi si alikaa pale...

— Juzi ipi?

Alitafuta. Akawageukia wenzake kama mtu aliyesahau jina la barabara, naye alikuwa na watu wenye majibu ya ziwa na injini, na ya ugonjwa wenyewe. Waziri alikuwa akiufuta wembe usio na uchafu. Breki alikuwa amegeukia ukuta.

— Basi alale, alisema Plagi haraka. Atalala. Tupime akilala. Cherehani, lala hapo tuone.

— Silali mimi.

— Ni kupima tu.

— Plagi ndugu yangu, kushona nitakushonea chochote. Humo silali.

Akatoka ndani ya mistari, akasimama karibu na muuza kahawa. Basi Plagi akasogea mbele, akajinyoosha mwenyewe chali juu ya saruji, kichwa pale lilipokuwa benchi la mbele. Miguu ikafika katikati, kule walikopangiwa wanawe. Waziri akaanza kuhesabu waliobaki kwa midomo, kwa mazoea tu, kisha akaacha. Boti ya watu tisa ilikuwa imejaa mtu mmoja. Hakuna aliyeuliza kuhusu ile ndogo.

Plagi aliangalia juu. Hakuona mbingu, aliona mabati ya kibanda, tundu moja la msumari linapitisha mwanga. Aliliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kupima.

— Yuko macho sasa hivi, alisema shemeji yake. Akiwa macho anakuulizia. Jana nilimwambia uko kazini. Na leo nimemwambia uko kazini. Ndiyo maana nimekuja, sina la kumwambia kesho.

— Nakuja, alisema Plagi kutoka pale chini. Akajiinua, mgongo mzima mweupe wa chaki, akakiokota kikombe chake. Tangulia tu. Nakunywa kimoja hiki, cha mwisho, nakuja nyuma yako.

Yule mwanamke hakutangulia. Plagi akamnyooshea muuza kahawa kikombe.

Muuza kahawa alilitazama birika lake. Lilikuwa zito, mkono umemshuka kwa uzito wake, na mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye mdomo wa birika.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Breki, aliyekuwa ametoka kumiminiwa sasa hivi, akakifunika kikombe chake kwa kiganja.