Mpolandi Hacheki

Kwenye basi la Ruwi kwenda Mabela, hapa Maskati, bibi wa Kizanzibari alimgeukia dada wa Tanzania bara aliyekaa kando yake, kiti cha mbele yangu: "Kumbe unafanya kazi kwa Wapolandi? Walevi hao, tena wamenuna, hawajui kucheka."

Dada akawaka. "Ulevi sijauona, mama. Kununa ni kweli, bosi wangu hajanichekea hata siku moja. Lakini tunakula meza moja! Nyumba niliyotoka, ya Wazanzibari kama wewe, walinichekea kutwa, na chakula nikila jikoni peke yangu, nimechuchumaa."

"Usitutie sote kapu moja!" bibi akafoka, kana kwamba Wapolandi yeye aliwachambua mmoja mmoja. "Mtumishi wangu mie nnacheka naye kama mwanangu."

"Anakula wapi?"

Bibi, aliyeniambia tulipopanda kwamba anakwenda Mabela, akabonyeza kengele akashuka Ghubra, hata nusu ya njia hatujafika.