Mzee Onodera wa Zuzu na Mstari wa Tatu

Wachungaji, wazee, majirani na wote mliotoka mbali, familia inawaomba mkae mtulie, maana maisha haya yalianzia ng'ambo na yamechukua muda mrefu kufika hapa Zuzu.

Marehemu Shuhei Onodera alizaliwa tarehe 3 Februari 1949, kaskazini mwa Japani, katika kijiji ambacho theluji hufika madirishani, akiwa mtoto wa tatu wa mkulima wa mpunga, akasoma huko hadi chuo cha ufundi, alikohitimu uchimbaji wa visima mwaka 1971, na huko huko mwalimu mmoja akamfundisha haiku, shairi la mistari mitatu lisilozidi pumzi moja, linalotaja majira ya mwaka na kitu ambacho mtunzi amekiona kwa macho yake.

Kazi ilimleta Dodoma Agosti 1978, akachimba visima hapa Zuzu, Buigiri na Chemba hadi alipostaafu mwaka 2009, na katika daftari lile lile alimoandikia kina cha maji aliandika mashairi yake kwa Kiswahili, kila moja na tarehe yake, kisha akayatafsiri mwenyewe kwa ajili ya majarida ya kwao. Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa na Klara Ndahani wa hapa hapa, aliyemfundisha kula ugali wa uwele kwa mlenda bila kukunja uso, wakajaliwa mtoto mmoja, Frida, tarehe 5 Mei 1990.

Umaarufu wake ulianzia kwa jirani. Tarehe 9 Septemba 1998, Mzee Methodi akiwa buheri wa afya na mvua zikiwa bado mbali, marehemu aliandika:

Masika haya,
jembe lake Methodi
lina utando.

Methodi aliposomewa alicheka sana, kwani hakuna aliyewahi kuona jembe lake limepumzika, lakini Novemba alifariki usingizini, na mvua zilipoanza watu waliliona jembe lile ukutani, buibui amelifunga kuanzia mpini hadi bapa. Watu wa Zuzu wakaanza kuingiza majembe ndani kila marehemu alipopita, naye alipoulizwa alijibu tu kwamba huandika alichokiona. Kwao Japani shairi hilo limechongwa kwenye jiwe na watoto wa shule hulikariri, hivyo Methodi, ambaye hakuwahi kufika hata Morogoro, anatajwa huko kila mwaka na watu wasiomjua. Mengine manne yalitimia vivyo hivyo, na hatutayasoma, kwa kuwa wenye misiba hiyo wamekaa hapa pamoja nasi.

Tarehe 17 Julai 2011, baada ya ibada, mama Klara alimkuta barazani ameandika mistari miwili, wa kwanza ukitaja kipupwe, wa pili ukimtaja Frida, na kabla hajauliza, marehemu aliuchana ukurasa, akautia kwenye moto wa jiko, akaapa kutoandika tena. Wachapishaji walimsihi kwa barua, naye aliwarudishia karatasi tupu, miaka kumi na mitatu, na kila kipupwe mama Klara alificha kalamu zote na kumlaza binti yake chumbani kwake, mtu mzima kama alivyo.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2024 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hapa mjini, hadi Jumanne tarehe 16 Julai, saa nne asubuhi, alipoashiria apewe kalamu, na mkewe akakataa. Marehemu akamshika mkewe kiganja, akaanza kuandika humo kwa kidole, mstari wa kwanza, wa pili, ile ile ya barazani, na mama Klara anasema mkono ule haukuwa tena wa mumewe, wala macho hayakuwa yakimtazama yeye. Wa tatu ulipoanza mama Klara alikifumba kiganja, akakibana kidole ndani mpaka kikapoa. Anamwomba Mungu msamaha kwa kumnyima mumewe neno la mwisho, ila hajutii, na wageni waliotoka Japani kuliomba shairi hilo wajue halipo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wachimbaji wenzake, na majirani wa Zuzu, ambao wengi walimwogopa na wote wamekuja. Frida yupo, ndiye atakayeweka shada la kwanza, akiwa ameshikwa mkono na mama yake, na kipupwe bado hakijaisha.

Pumzika kwa amani, Mzee wetu, na ulichokiona, tafadhali, lala nacho.