Koti la Mwisho la Mama Bega

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Bega anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya sare za maafisa. Ni shangazi yangu. Mafundi wenzake wameniomba niandike maneno haya ya kumuaga kwa kuwa nasoma shule ya lugha mbili. Nimekubali kwa sharti moja: nisisome mbele ya watu.

Jina alilipata kwa kazi. Koti lake halikunjamani begani. Makamanda wanaotetemesha gwaride zima walisimama mbele yake mikono juu, kimya, wakisubiri atoe pini mdomoni awaruhusu kupumua.

Kila mwaka alishona makoti ya vijana wanaotunukiwa kamisheni. Mwaka mmoja alikata na la mwanawe, kabla majina ya watakaotunukiwa hayajatoka. Yalipotoka, binamu yangu hakuwamo. Koti likabaki limetundikwa ukutani bila vifungo, na mafundi wakazoea kulipita bila kuuliza. Binamu akaenda kuuza cherehani, analipwa kamisheni kwa kila anayouza. Karakanani hakukanyaga tena. Nyumbani, neno "kamisheni" likawa mwiko mezani.

Mimi likanikaa kichwani. Kwa Kiingereza cha shule, anayepewa cheo, anayelipwa kwa mauzo na msanii anayeagizwa kazi, wote wamepewa kitu chenye jina moja, "commission". Nikamuuliza shangazi watu hao wanafanana nini. Akasema wawili wa kwanza anawajua, ila huyo wa tatu anamwonea wivu, maana yeye siku zote ameshona alichoagizwa na kitabu cha sare. Hakuna aliyewahi kumwambia ashone anavyoona yeye.

Nakiri, maneno hayo niliyafikisha kwa binamu.

Wiki iliyopita akaja, kitambaa cha buluu kwapani. Mafundi wote ghafla wakawa na uzi wa kutunga.

"Mama, nataka koti la kuingia nalo kwa wateja," alisema. "Mtindo chagua mwenyewe."

Shangazi aliweka sindano chini. "Haya, nyanyua mikono."

Alianza kwa kumjaribisha lile la ukutani. Halikumtosha kifuani, kumbe wateja wanamlisha. Basi akalifumua, na bitana yake sasa imo ndani ya koti la buluu. Ukutani umebaki msumari.

Shangazi, asante kwa mabega yote uliyoyanyoosha. Kapumzike kwa raha na afya, na ukishika sindano, shona utakavyo.